Punje Zinazokataa Kupasuka

Wiki hii ukurasa wetu unajibu swali moja tu, kwa kuwa swali lenyewe limebeba riziki ya nyumba nzima. Mama mmoja wa Tanga, ambaye hakupenda tumtaje jina, ametueleza kwamba tangu muhula wa shule uanze amekuwa akikaanga bisi nyumbani kwake, akizifunga katika vifuko vya karatasi na kuziuza asubuhi karibu na shule ya awali na madrasa ya mtaani. Faida si kubwa, lakini ndiyo inayonunua sabuni, mafuta ya taa na daftari za wanawe. Shida yake ni kwamba katika kila sufuria karibu theluthi ya punje hubaki chini, ngumu na nyeusi, hazikupasuka. Mwenye duka amemwambia moto wake ni mdogo. Jirani yake amemwambia anabania mafuta. Mama mkwe amesema ni mikono tu. Wapo waliojaaliwa na wapo wasiojaaliwa. Yeye anauliza: akope fedha anunue mashine ya vioo kama zile za barabarani, au aache kabisa?

Asikope, na asiache. Kwa maelezo aliyotupa, tatizo lake kwa sehemu kubwa halipo jikoni. Lipo kwenye gunia.

Si kila hindi huwa bisi. Mahindi tunayosaga sembe yana punje kubwa, laini kwa ndani, na ukiyatia kwenye mafuta ya moto yatakauka, yatapasuka ufa na kuungua, basi. Mahindi ya bisi ni aina ya peke yake. Punje yake ni ndogo, gamba lake ni gumu, linang'aa na halipitishi maji wala hewa kwa urahisi. Ndani ya gamba hilo kuna wanga mgumu ulioshikamana kama kioo, na ndani ya wanga mna maji kidogo yaliyofichika. Maji hayo ndiyo kila kitu. Punje njema ina unyevu wa kati ya asilimia 13 na 14 na nusu ya uzito wake. Kwa macho huwezi kuuona, kwa vidole huwezi kuuhisi, lakini sufuria inaujua.

Punje inapopata moto, maji yale hutaka kugeuka mvuke, na mvuke hauna pa kutokea. Shinikizo la ndani hupanda mpaka kukaribia mara tisa ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Wakati huo wanga mgumu hulainika ukawa mfano wa uji mzito. Joto likifika takriban nyuzi 180 za Selsiasi, gamba hushindwa. Hupasuka, mvuke hutoka kwa kishindo, na ule uji hufutuka kuwa povu ambalo hupoa na kukauka papo hapo. Povu hilo jeupe ndilo tunalolila. Punje moja huongezeka ukubwa mara 40 na zaidi, bila hamira, bila yai, bila chochote ila maji yake yenyewe.

Sasa fikiria punje iliyokaa miezi katika gunia wazi mlangoni mwa duka, jua la mchana likiipiga. Maji yake yamekwenda. Ukiitia motoni, mvuke unaopatikana hautoshi kulivunja gamba. Itaungua kabla haijapasuka. Hali ni hiyo hiyo kwa punje iliyopata ufa ilipopukuchuliwa au kumwagwa kwa nguvu: mvuke hutoka taratibu kupitia ufa kama unavyotoka kwenye birika lisilo na kifuniko, na shinikizo halijengeki. Ndiyo maana punje zilizobaki chini ya sufuria, ukizichunguza kwa makini, nyingi utazikuta ama zimesinyaa ama zina mstari mwembamba ubavuni.

Hata hivyo mwenye duka hakukosea moja kwa moja aliposema habari za moto. Watafiti wawili wa Ufaransa, Emmanuel Virot na Alexandre Ponomarenko, walichapisha mwaka 2015 matokeo ya majaribio yao juu ya jambo hili hili tunalolizungumza. Walipopasha punje hadi nyuzi 170, ni kama theluthi moja tu zilizopasuka. Walipoongeza hadi 180, karibu zote zilipasuka. Yaani nyuzi kumi tu ndizo zinazotenganisha sufuria ya hasara na sufuria ya faida. Wakagundua pia kwamba ule mlio wa "pa!" hautokani na gamba kuvunjika wala na punje kugonga sufuria, bali na mvuke unaochoropoka. Mpishi asikiaye mlio huo anasikia maji yakitoka. Tutarudi kwenye moto baada ya kwanza kulitengeneza gunia.

Anapokwenda kununua, aombe mzigo mpya, na aombe punje kumi na tano au ishirini za kujaribu nyumbani kabla ya kulipia kilo nyingi. Muuzaji anayekataa kutoa punje ishirini huenda anaijua hali ya gunia lake. Azikaange zote kwa pamoja, ahesabu. Zikipasuka kumi na nane kati ya ishirini, mzigo ni mzuri. Zikipasuka kumi na mbili, mzigo ni mkavu au umevunjika, na bei yake haina budi kushuka au aende duka jingine.

Kama tayari mzigo mkavu uko ndani, usitupwe. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana. Tia vikombe vitatu vya punje, ongeza kijiko kimoja kikubwa cha maji safi, funga, tikisa kwa nguvu. Tikisa tena mara kadhaa kwa siku, kwa muda wa siku tatu au nne, mpaka usione tone lolote ndani ya kioo. Kisha jaribu punje ishirini. Kama bado ni kavu, ongeza kijiko kidogo cha chai na subiri siku mbili. Kama bisi zinatoka ndogo, ngumu kutafuna, na kishindo chake ni kikubwa kupita kawaida, umezidisha. Zitandaze kivulini kwa saa kadhaa na ujaribu tena. Usilowanishe zaidi ya zile utakazokaanga wiki hiyo. Mzigo uliobaki uhifadhi ndani ya ndoo yenye kifuniko, mahali pakavu na pa kivuli, mbali na jiko. Watu wengine huweka mahindi juu ya kabati karibu na jiko ili yawe makavu. Kwa mahindi ya kusaga ni sawa, kwa bisi ni kuyaua.

Naeleza haya kwa tahadhari moja ambayo sitaki msomaji airuke. Maji na nafaka ni majirani wasiokaa pamoja kwa amani muda mrefu. Nafaka yenye unyevu mwingi huota ukungu, na baadhi ya ukungu huzalisha sumu iitwayo kwa Kiswahili sumukuvu, ambayo huharibu ini. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafariki. Mwaka 2016 hapa nchini, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliripotiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao wakapoteza maisha. Wote hao walikula mahindi ya kawaida ya chakula chao cha kila siku. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga; moto wa sufuria yako hauiwezi. Kwa hiyo punje yenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi, yenye unyoya wa ukungu au harufu ya chumba kilichofungwa, itupwe. Asipewe kuku, asipewe ng'ombe, maana sumu hupita kwenye maziwa ikarudi mezani kwa mlango mwingine. Na ile chupa uliyotia maji, ukiifungua siku ya nne ukasikia harufu usiyoipenda, mwaga yote. Vikombe vitatu vya mahindi si hasara ya kulinganishwa na mgonjwa mmoja.

Haya, jikoni.

Sufuria iwe nzito chini. Sufuria nyepesi huunguza upande mmoja na kuacha mwingine baridi. Kwa nusu kikombe cha punje tia vijiko vikubwa vitatu vya mafuta. Nusu kikombe itakupa vikombe kumi na viwili hadi kumi na sita vya bisi, kwa hiyo sufuria iwe ya kutosha. Wengi hukosea kwa kujaza punje, na zile za juu hazifikiwi na joto. Tia punje tatu tu katika mafuta, funika, subiri. Zikipasuka zote tatu, mafuta yamefika. Mimina zilizobaki, funika, kisha iondoe sufuria motoni kwa muda wa kuhesabu taratibu mpaka thelathini. Hatua hii huonekana ya ajabu, lakini ndiyo iliyo bora kuliko zote: punje zote hupata joto kwa usawa zikiwa katika mafuta ya moto, kisha zikirudi jikoni hupasuka karibu kwa wakati mmoja, na chache sana hubaki nyuma.

Rudisha sufuria jikoni na uitikise kwa kuisukuma mbele na nyuma. Mfuniko uachie upenyo mdogo kama wa upana wa kidole, upande usiokuelekea wewe, ili mvuke utoke. Bisi zilizopikwa chini ya mfuniko uliobana huwa kama mpira mdomoni, kwa sababu mvuke wote uliotoka kwenye punje umezirudia. Milio ikipungua hata ukaweza kuhesabu sekunde mbili au tatu kati ya mmoja na mwingine, ondoa. Usingoje ile ya mwisho. Kumngoja huyo mmoja ni kuwaunguza mia.

Mwenye jiko la mkaa ana kazi zaidi kuliko mwenye gesi, kwa kuwa mkaa hauna kitasa cha kugeuza. Apunguze makaa yawe ya kutandaa, si ya kurundikana. Moto wa polepole mno huacha unyevu uvuje kabla shinikizo halijajengeka. Moto mkali mno hulipasua gamba wakati moyo wa punje bado ni mgumu, na utapata bisi zenye kokwa ndani. Akijua hili, msomaji wetu wa Tanga hatahitaji mashine. Mashine za vioo tunazoziona barabarani ni wajukuu wa ile aliyoibuni Charles Cretors wa Chicago na kuionyesha kwenye maonyesho makubwa ya mji huo mwaka 1893. Kazi yake ni kuleta moto wa wastani na kuchanganya punje bila kusimama. Mkono na sufuria nzito hufanya hayo hayo kwa nusu kikombe kimoja kwa wakati. Na kabla ya Cretors walikuwapo wengine: katika pwani ya kaskazini ya Peru, sehemu za Paredones na Huaca Prieta, wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata mabaki ya mahindi ya takriban miaka 6,700 iliyopita, ya bisi yakiwemo. Nao hawakuwa hata na sufuria ya chuma.

Kuhusu mafuta, jirani naye alikuwa na neno, ila si lile alilolisema. Wingi si tatizo; aina ndiyo inayoharibu. Siagi ya kawaida haifai kukaangia, kwa kuwa ina maji na chembe za maziwa zinazoungua kabla joto halijafika tunakokutaka. Samli haina chembe hizo, inastahimili moto, na ladha yake haina mfano. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa ni ya bei nafuu na hayana kelele. Mafuta ya nazi ndiyo yanayotumiwa kwa miaka mingi katika kumbi za sinema za Marekani, na sisi watu wa pwani tumeyaacha kwenye nywele. Yale ya kukamua nyumbani hutoa moshi mapema kidogo, hivyo yahitaji jicho, lakini harufu yake ikichanganyika na mahindi watoto wa nyumba ya pili watakuja wenyewe.

Nifike kwenye ladha, ambako mama huyu anaweza kuwaacha nyuma wauzaji wote wa mtaa wake.

Chumvi kwanza. Chumvi ya mawe, ile ya chenga kubwa, haishiki kwenye bisi. Huteleza ikajaa chini ya kifuko, na mtoto wa mwisho kula hupata bahari. Itwange kwenye kinu mpaka iwe kama unga. Unaweza pia kuitia ndani ya mafuta pamoja na punje, kama wafanyavyo wenye mashine, ikasambaa kwa usawa zinapopasuka. Kijiko kidogo cha chai, tena kisichojaa, kinatosha nusu kikombe cha punje.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba bisi ni kavu na nyepesi, na kiungo cha unga hakishiki pakavu. Yeyusha kijiko kimoja cha samli, nyunyizia bisi zikiwa bado moto ndani ya bakuli kubwa huku ukizigeuza, ndipo utie viungo. Na maji kamwe yasiguse. Wapo wanaokamulia ndimu juu ya bisi kama wanavyokamulia mihogo. Bisi hunywea hapo hapo zikawa tambara. Utamu wa ndimu tuupate kwa njia nyingine: kausha maganda ya ndimu kivulini, yatwange na chumvi na pilipili kavu, uchekeche. Huo mchanganyiko ndio ninaoupenda kuliko yote. Unga wa embe bichi unaouzwa kwenye maduka ya viungo vya Kihindi nao hutoa ukali mzuri.

Bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, pamoja na chembe ya manjano na pilipili manga, hutoa bisi zenye harufu ya pilau. Hizi watu wazima huzipenda baada ya tarawehe, pamoja na kahawa chungu. Manjano yawe kidogo sana, maana yakizidi huwa machungu. Ufuta uliokaangwa na kutwangwa nusu nusu pamoja na chumvi ni mzuri na ni rahisi. Nazi iliyokunwa, ikakaushwa kwenye kikaango bila mafuta mpaka ikawa ya kahawia, ikachanganywa na sukari kidogo na iliki, hiyo ni ya sikukuu.

Bisi za sukari zina njia mbili. Ya kwanza, tia vijiko vitatu vya sukari ndani ya mafuta ya moto pamoja na nusu kikombe cha punje, na usiache kutikisa hata kwa pumzi moja, kwa sababu sukari huungua upesi. Milio ikianza kupungua, mimina mara moja kwenye sinia. Ya pili ni ya sukari guru: yeyusha kipande cha kama nusu kikombe kwa vijiko viwili vya samli na kijiko cha maji, acha kichemke mpaka tone lake likidondoshwa kwenye maji baridi ligande na kuvunjika, tia tangawizi ya unga au mdalasini, kisha zimiminie bisi zilizokwisha kukaangwa na ugeuze kwa mwiko wa mti. Zikipoa hushikana vipande vipande na hukaa siku nyingi bila kulainika. Katika njia zote mbili mtoto asisogee. Sukari iliyoyeyuka ina joto kuliko maji yanayochemka, tena hunata kwenye ngozi.

Kuna watakaosema: mbona madukani zipo paketi za ladha tayari, za jibini, siagi na rangi nyekundu? Zipo. Nasi twawaomba wasome maandishi madogo yaliyo nyuma. Unga wa jibini waweza kuwa umetokana na jibini iliyogandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la mnyama, na paketi haisemi ni mnyama gani wala alichinjwaje. Rangi yenye alama E120 hutengenezwa kwa wadudu. Vanila ya maji mara nyingi huwa imeyeyushiwa katika pombe. Hukumu ya kila kimoja waulizwe wenye elimu. Ukurasa huu unasema tu kilichomo. Hata hiyo "ladha ya siagi" mara nyingi si siagi. Mwaka 2000 huko Jasper, jimbo la Missouri, iligundulika kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha bisi walikuwa wameharibika mapafu kwa kuvuta mvuke wa ladha hiyo, wenye kemikali iitwayo diasetili. Mlaji wa kifuko kimoja hayuko katika hatari ya mfanyakazi aliyesimama juu ya pipa kila siku. Lakini mwenye samli na iliki nyumbani anatafuta nini kwenye pipa hilo?

Kwa biashara, neno moja juu ya kufunga. Bisi zipoe kabisa kwenye ungo, zipepetwe ili punje ngumu zishuke na ziondolewe, ndipo zifungwe. Punje moja iliyobaki yaweza kuvunja jino la bibi au la mtoto aliyeanza kubadilisha meno, na mteja huyo harudi.

Sasa lile ambalo hakuuliza. Mama wa Tanga ametuambia kwamba wateja wake wa kwanza asubuhi ni wa shule ya awali, na kwamba wadogo zao waletwao mgongoni nao hupewa bisi mbili tatu ili wanyamaze. Hapa nitazungumza bila kuzunguka. Mtoto aliye chini ya miaka minne asipewe bisi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinazitaja bisi miongoni mwa vyakula vinavyopalia watoto wa umri huo, na sababu yake ni nyepesi kuielewa. Mtoto mdogo hana magego ya kusagia, njia yake ya hewa ni nyembamba, naye hula huku akicheka, akilia au akikimbia. Bisi ni nyepesi, hufuata pumzi. Gamba lake ni jembamba na hung'ang'ania ukuta wa koo.

Akipaliwa naye anakohoa kwa nguvu na kutoa sauti, mwache akohoe, mtulize, usimpe maji. Usiingize kidole mdomoni kutafuta usichokiona, maana waweza kukisukuma ndani zaidi. Asipoweza kukohoa, kulia wala kuvuta pumzi, ita msaada na uanze mara moja. Aliyezidi mwaka mmoja mwinamishe mbele, umpige kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega mara tano. Isipotoka, simama au piga magoti nyuma yake, zungusha mikono, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, uvute ndani na juu mara tano. Rudia hivyo kwa kupokezana. Aliye chini ya mwaka mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, umpige mgongoni mara tano, kisha umgeuze na ubonyeze katikati ya kifua mara tano. Tumbo lake lisibanwe. Akipoteza fahamu, alazwe sakafuni, na anayejua kubonyeza kifua na kupulizia pumzi aanze bila kungoja gari.

Kuna hali nyingine inayodanganya wazazi. Mtoto hupaliwa, hukohoa sana, kisha hutulia, na nyumba nzima hushukuru. Baada ya siku kadhaa huanza kikohozi kisichopona kwa dawa, au mluzi kifuani, au homa ya mapafu inayorudi. Huenda kipande kimeingia kwenye bomba la pafu. Bisi haionekani vizuri kwenye picha ya eksirei, kwa hiyo daktari asipoambiwa hatajua la kutafuta. Mwambieni: alikula bisi siku fulani akapaliwa. Hospitali kubwa za rufaa zina kifaa cha kuingia na kukitoa.

Najua ushauri huu unamnyang'anya mama yetu baadhi ya wateja. Hata hivyo asiwauzie hao, na mzazi anayeomba moja ya kumnyamazisha aliye mgongoni amkatalie kwa upole. Aweke kando ya bisi zake sinia la ndizi mbivu au vitumbua laini, na mdogo apewe kipande kidogo akiwa ameketi. Fedha itakuwa imeingia katika mkoba ule ule. Kwa wakubwa wa shule ya awali, waliokwisha timiza minne, wale wakiwa wamekaa, kabla kengele haijalia na si wakati wa kukimbizana uwanjani. Mwalimu akiombwa hilo, hatakataa.

Swali lake la pili, la namna ya kupiga hesabu ya mtaji mdogo ili faida isiliwe ndani ya nyumba, tutalijibu wiki ijayo, in shaa Allah.